Afya ya Vijana Wetu Waendao Chuo Kikuu

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Pemba



Mada niliyopewa na Tume ni afya ya vijana wetu wanaokwenda Chuo Kikuu, na namna wanavyoweza kupata matibabu wawapo huko. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: Je, hili ni jambo la Tume ya Haki na Amani? Si kazi ya Wizara ya Afya, au ya chuo chenyewe? Nawaombeni mnivumilie. Mtu anayeumwa ugenini, asiyejua abishe hodi mlango gani, amekwisha kunyimwa haki yake hata kama hakuna aliyemfukuza.

Nitaanza na habari ya nyumbani kwangu. Mpwa wangu alizaliwa hapa Pemba mwaka 2003. Mwaka 2022 alipata nafasi katika chuo kimoja cha bara. Mama yake, ambaye ni dada yangu, aliuza karafuu zake zote ili kulipa ada na nauli. Katika barua ya chuo kulikuwa na mstari uliotaja fedha za bima ya afya. Sisi watu wazima tuliuangalia mstari ule, tukaambiana: "Huyu ni kijana mwenye nguvu zake. Hili lingoje msimu ujao."

Mwezi wa tatu wa masomo alishikwa na homa. Alilala chumbani siku nne akimeza vidonge vya kutuliza maumivu vilivyonunuliwa dukani. Kila dada yangu alipopiga simu, alijibu: "Mzima, mama. Ni uchovu wa masomo tu." Siku ya tano hakuweza kusimama. Mwenzake wa chumbani alimpakia kwenye bodaboda, akamshika asianguke mpaka hospitali. Ilikuwa malaria kali. Alipona, tunashukuru. Lakini mitihani ya siku zile nne ilikwisha kupita, naye hakuwa na karatasi yoyote ya daktari kuonyesha kwamba alikuwa mgonjwa. Akarudia mwaka.

Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa muda mrefu nilimlaumu kijana yule kwa kuficha. Baadaye nilitambua kwamba ni sisi tuliomfundisha, siku tulipouona mstari wa bima tukaamua kuunyamazia. Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Mwanafunzi anahitaji vitu viwili ili haki yake ya matibabu iwe kweli: njia iliyoandaliwa kabla hajaumwa, na ulimi usioona haya atakapoumwa. Vyote viwili huandaliwa hapa nyumbani.

1. TUMETOKA KATIKA MAZOEA GANI?

Sisi wa visiwani tuna historia yetu. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, Serikali ya Zanzibar ilitangaza kwamba matibabu yatatolewa bure. Kwa hiyo vizazi kadhaa vimekua vikijua kwamba mtu akiumwa huenda kituo cha afya cha karibu, au hospitali ya Chake Chake, Wete, Micheweni au Mkoani. Twajua kwamba mara nyingine dawa hazikuwapo, na mgonjwa akaambiwa akanunue. Hata hivyo, hatukulelewa katika desturi ya kuulizwa kadi kabla ya kumwona daktari.

Bara mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1993 ulianzishwa utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001. Wanafunzi wa vyuo nao wakawekewa utaratibu wao wa kujiunga. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzima. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka huo huo hapa kwetu ukaanza Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ukiwatangulia watumishi wa umma. Kwa hiyo yampasa kila mzazi asome barua ya chuo ya mwaka husika, ajue ni kiasi gani kinachotakiwa na kinalipwa wapi.

Vijana wetu wengine husoma hapa hapa, katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar iliyoko Mchangamdogo. Wengine huvuka kwenda Tunguu au Chukwani, Unguja. Wengine hufika Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Mwanza na Mtwara. Kijana aliyezoea mlango ulio wazi hufika mahali ambapo mlango una kitasa. Asipopewa ufunguo kabla ya safari, atasimama nje akidhani amekataliwa.

2. MALARIA: MAFANIKIO YETU YANA SHARTI LAKE

Ndugu zangu, Zanzibar imefanya kazi kubwa dhidi ya malaria. Tangu mwaka 2003 ilipoanza kutumia dawa mseto, kisha vyandarua vyenye dawa na unyunyiziaji wa dawa majumbani, ugonjwa huu umepungua mpaka watu wenye vimelea wakawa chini ya mmoja katika kila mia. Wazee mnaokumbuka wodi za watoto za zamani mnajua maana ya jambo hilo.

Lakini mafanikio haya yana sharti ambalo vijana hawajaambiwa. Mtu anayekua mahali penye malaria nyingi huugua mara kwa mara utotoni, na mwili wake hujifunza kupambana nayo kwa kiasi fulani. Kijana wa Pemba wa leo hana mazoezi hayo. Anapokwenda Mtwara, Tabora au Kigoma, mbu anayemuuma yeye na anayemuuma mwenyeji ni yule yule, lakini kinga yao si moja. Mwenyeji anaweza kuumwa kichwa akaenda darasani. Wa kwetu anaweza kuzimia.

Kwa hiyo tuwaambie vijana mambo matatu. Kwanza, waondoke na chandarua na wakitumie, hata kama wenzao wa bwenini watawacheka. Pili, homa ikianza wapimwe siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Na wakipewa dawa ya mseto waimalize kwa siku 3 kamili, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Tatu, wakirudi likizo wakapata homa, waende kituo cha afya na waseme wazi: "Nimetoka bara." Sehemu kubwa ya malaria inayoonekana Zanzibar siku hizi inahusiana na safari za bara. Anayepimwa mapema anajilinda mwenyewe na kuwalinda wadogo zake nyumbani.

3. KICHOCHO NA HAYA

Jambo la pili ni la kwetu hasa, na ni gumu kulitamka. Hapa Pemba kichocho kimekuwa ugonjwa wa watoto wa mito na madimbwi kwa miaka mingi. Tumekuwa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi tangu mwaka 2000, na kichocho ni kati ya maradhi ambayo maabara hiyo imeyashughulikia sana. Tangu mwaka 2012 juhudi za kukitokomeza ziliongezwa, na dawa zikagawiwa mashuleni na vijijini. Kimepungua sana. Lakini wapo vijana waliooga na kufua mitoni utotoni, ambao waliikosa dawa au waliambukizwa tena baada ya kuinywa.

Wengi wetu tunajua kichocho kwa mkojo wa damu. Jambo ambalo halisemwi ni kwamba kwa mwanamke mayai ya kichocho yanaweza kukaa katika sehemu za uzazi. Humletea maumivu, uchafu usio wa kawaida, au kutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Asipotibiwa, anaweza kupata shida ya kushika mimba. Dalili hizi zinafanana mno na za magonjwa ya zinaa.

Sasa mfikirieni binti wa miaka 20, mcha Mungu, aliye mbali na mama yake, anayeona dalili kama hizo. Ataogopa kwenda zahanati ya chuo kwa kuwa wenzake watamwona. Akienda, atapewa dawa za magonjwa ya zinaa, naye hatapona, kwa sababu daktari aliyesomea au kufanya kazi mahali pasipo na kichocho huenda asikifikirie. Naye binti hatasema. Atabaki na ugonjwa na fedheha asiyostahili.

Kina mama, hapa ndipo mnapohitajika kuliko mtu yeyote. Mwambieni binti kabla hajaondoka: "Mwanangu, ukiona hivi na hivi, usijihukumu. Mwambie daktari kwamba umekulia Pemba na umeoga mtoni. Mwombe akupime kichocho." Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa. Dawa ipo, kwa kawaida humezwa mara moja kwa kipimo cha uzito wa mtu, na daktari ndiye atakayesema kama irudiwe. Na wavulana nao wasione damu katika mkojo kuwa dalili ya kukua, kama tulivyokuwa tukidanganyana zamani.

4. MENGINE YANAYOWAPATA WANAFUNZI

Njaa na dawa za dukani. Fedha za kujikimu zikichelewa, vijana hupunguza mlo, wakala mara moja kwa siku. Kichwa kikiuma hununua vidonge viwili, tumbo likiuma vitatu. Dawa kali za maumivu zikitumiwa ovyo zinaweza kuleta vidonda vya tumbo. Antibiotiki zikinywewa nusu huwafunza vijidudu kuzishinda dawa. Duka la dawa si mahali pa kupimiwa.

UKIMWI. Zanzibar maambukizi ya VVU ni chini ya asilimia moja, lakini bara yapo juu zaidi, na kijana anapaswa kujua hilo bila kutishwa. Tunaendelea kuwafundisha vijana wetu maisha ya uadilifu. Pamoja na hilo wajue kwamba aliyebakwa, au aliyekutana na hatari ya kuambukizwa, anaweza kupewa dawa za kuzuia VVU iwapo atafika hospitali kabla ya saa 72 kupita. Baada ya hapo nafasi hiyo hufungwa. Msichana aliyebakwa asiambiwe kwanza akaoge, wala wazee wasikae kwanza kikao cha kutafuta suluhu. Apelekwe hospitali. Hapa visiwani baadhi ya hospitali, ikiwemo ya Chake Chake, zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo aliyedhulumiwa hupata daktari, polisi na ushauri mahali pamoja.

Maradhi ya akili. Mwanafunzi asiyelala majuma mawili, asiyekula, anayejifungia, anayesema afadhali asingezaliwa, huyo ni mgonjwa. Wapo watakaosema ana majini; wapo watakaosema ni mvivu. Sisi tuseme ni mtoto wetu, na apelekwe kwa daktari. Vyuo vina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Penye ugonjwa mkubwa, Unguja kuna Kidongo Chekundu, na Dodoma kuna Mirembe. Sala na maombezi tuendelee nayo, bila kumzuia kumeza dawa.

Maradhi ya muda mrefu. Mwenye selimundu, kifafa, pumu au kisukari asiondoke na chupa ya dawa tu. Aondoke na barua ya daktari wake inayotaja ugonjwa, dawa na kipimo chake. Siku akikutwa amelala sakafuni, barua hiyo itasema kwa niaba yake.

5. NJIA YA KUPATA MATIBABU

Nawaomba viongozi mwayasome haya kwa vijana neno kwa neno kabla ya kila msimu wa udahili.

(a) Lipa bima pamoja na ada, siku ile ile. Hakikisha kadi au namba yako imeanza kufanya kazi. Risiti peke yake haikutibu.

(b) Katika juma la kwanza, ukiwa mzima, tembea kwa miguu mpaka zahanati au kituo cha afya cha chuo. Uliza kinafunguliwa saa ngapi, na usiku mtu huenda wapi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha afya ndani ya chuo. Walio Dodoma wana Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani na chuo chao. Fungua faili.

(c) Anzia ngazi ya chini. Matibabu ya bima hufuata rufaa: zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, na kuendelea. Anayekimbilia hospitali kubwa bila barua ya rufaa huweza kurudishwa au kutozwa. Penye dharura, nenda palipo karibu.

(d) Ukiumwa wakati wa mitihani, mwone daktari kabla ya mtihani na uchukue cheti. Kipeleke ofisi ya mshauri wa wanafunzi au ya kitivo. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mtihani au masomo kwa sababu ya ugonjwa, lakini utaratibu huo humsaidia aliyetoa taarifa mapema. Mpwa wangu angeliokoa mwaka mzima kwa karatasi moja.

(e) Ukiwa huna bima wala fedha, usirudi chumbani. Hospitali za serikali huko bara zina ofisi ya ustawi wa jamii, ambako mtu asiye na uwezo husikilizwa na huweza kusamehewa gharama. Aidha, matibabu ya kifua kikuu na ya VVU hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

(f) Una haki ya kuelezwa ugonjwa wako na dawa unayopewa, na ya kutunziwa siri. Kwa upande wa VVU, sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu mzima kwa nguvu nje ya sababu zilizotajwa na sheria, na inakataza kutangaza majibu yake. Haki hizi zidai kwa adabu, bila woga.

6. WAJIBU WETU

Katiba ya nchi ya mwaka 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa maradhi. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linataja matibabu miongoni mwa mahitaji ya kila mtu. Tunayo haki ya kuikumbusha Serikali na vyuo: kwamba kituo cha afya cha chuo kiwe na mganga usiku, kwamba kadi zisichelewe miezi, kwamba msichana apate mhudumu wa kike anapomhitaji. Hayo tuyaseme kwa barua na kwa wawakilishi wetu.

Lakini kabla ya kumwandikia mkubwa, tutazame mikono yetu. Napendekeza kila jumuiya iwe na orodha ya vijana wanaotarajia kwenda chuo, na iulize mapema: "Bima yako imelipwa?" Isipolipwa, tuchange. Kiasi ambacho ni kizito kwa mjane mmoja ni chepesi kwa nyumba ishirini. Pili, tumtafutie kila kijana mtu mzima mmoja katika mji anaokwenda, anayeweza kumpigia simu usiku. Tatu, wale waliomaliza chuo wakae na wanaokwenda, wawaeleze njia walizopita.

Na tusihesabu watoto wa parokia peke yao. Wanafunzi wengi wa kisiwa hiki ni watoto wa majirani zetu Waislamu, tunaokopeshana chumvi na kuzikana. Homa haiulizi dini. Karatasi hii ikifika kwa jirani, itakuwa imefika nyumbani.

Jambo la mwisho ni dogo. Tunapopiga simu, tumezoea kuuliza: "Mzima?" Naye kijana hana jibu ila: "Mzima." Dada yangu siku hizi anauliza hivi: "Leo umekula nini? Jana ulilala saa ngapi? Kadi yako iko wapi?" Mpwa wangu, ambaye sasa amebakiza muda mfupi kumaliza, hucheka, lakini hujibu. Mwaka jana alimwambia mwenyewe, kabla hajaulizwa: "Mama, nina homa. Niko kwenye foleni ya zahanati."

Dada yangu alilia kwa furaha. Nami nawatakieni nyote simu kama hiyo.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni vijana wangapi wako vyuoni sasa? Tunajua nani ana bima na nani hana?

2. Ni magonjwa gani ambayo sisi wazazi tunaona haya kuyataja mbele ya watoto wetu? Haya hiyo imewaletea madhara gani?

3. Je, jumuiya yetu inaweza kuanzisha mchango wa bima kwa wanafunzi? Nani atautunza, na hesabu zitasomwa lini?

4. Ni jambo gani moja tungependa kuwaandikia viongozi wa Serikali au wa chuo kuhusu afya ya wanafunzi?